Sinia la Mama na Mtambo wa Kanga

Ndimu ikikutana na majivu juu ya shaba hutoa harufu kali, ya uchachu na chuma, inayopanda puani kama mtu anayekukumbusha jambo uliloazimia kulisahau. Tangu asubuhi naivuta harufu hiyo. Mimi, mtu wa chuo kikuu, niliyelipwa mshahara miaka mingi kwa kuwafundisha wenzangu namna ya kufikiri, nimekaa uani juu ya kigoda, kanga kiunoni, nasugua sinia kwa kumbi la nazi hadi mkono umeingia ganzi. Kwa nini leo, na kwa nini kwa bidii hii, nitasema nikifika mwisho, kwa sababu halinipi sifa. Kwanza niwajulishe sinia lenyewe.

Baba yangu alilinunua kabla sijapata akili, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifunga duka arudi kwao. Ni sinia la shaba ya njano, pana kiasi cha kulisha watu sita waliokaa kwa heshima au wanane wasioona haya, na ukingoni limechongwa maua yanayokimbizana. Hakununua moja. Alinunua mawili, kwa sababu alikuwa na wake wawili: mama yangu, Bi Zuhura, hapa Tanga mjini, mtaa wa Ngamiani, na mwingine Muheza, ambako baba alikuwa akinunua machungwa na kuyaleta kwa treni.

Baba alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Akinunua mwavuli, alinunua miavuli miwili. Mama alipougua jino akaletewa dawa, chupa ya pili ilikwenda Muheza, ingawa meno ya kule yalikuwa mazima. Alidhani haki ni mizani, na mizani ikikaa sawa watu watalala usingizi. Masikini baba! Hakujua kwamba kila alipoweka kitu upande huu, mama alikuwa akikiona kikiwekwa upande wa pili.

Mama hakuwahi kulitamka jina la mke mwenzake. Alimwita “yule wa kwenye machungwa”. Baba akiingia na vumbi la safari, baada ya maji na chakula mama angeuliza, “Mvua kwenu huko zimenyesha?” Na lile “kwenu” lilikuwa na makali ya kisu cha kupasulia samaki.

Nami nilikuwa na mshindani wangu. Yule wa kwenye machungwa alikuwa na binti, Zubeda, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kwa nguo. Kila gauni nililokuwa nalo, alikuwa nalo. Siku za Idi, wenzangu wakijitazama kwenye vioo, mimi nilijitazama nikamwona yeye, na nilikuwa na hakika kwamba kwake lilikaa vizuri zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba yetu alipoingia Fundi Shebe na mtambo wake.

Miaka ile ya hamsini kanga zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, na maneno yake, ambayo sisi huyaita jina la kanga, yalichaguliwa na wenye maduka. Hilo lilikuwa taabu kubwa kwa akina mama wa Ngamiani. Walikuwa na vyama viwili vya lelemama, Lulu na Marijani, vilivyoshindana kwa ngoma, kwa sare, kwa wali, na zaidi ya yote kwa maneno. Lulu wakichinja mbuzi mmoja, Marijani walichinja wawili, hata kama wa pili amekopwa. Sasa, ukitukanwa kwa wimbo Ijumaa, ungependa kujibu kwa kanga Ijumaa inayofuata. Lakini ukiagiza kanga yenye jibu lako, mwenye duka anaandika ng'ambo, ng'ambo wanachapa, meli inakuja kwa mwendo wake, na siku robota linapofunguliwa mmekwisha kupatana na aliyekutukana, na binti yake ameolewa na mwanao. Unaivaa kwa ajili ya nani?

Fundi Shebe alisema amepata dawa ya hilo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vilivyoingia rangi tatu, nyekundu, nyeusi na manjano, ambazo hazikutoka hata akinawa. Vidole vile vilimfanyia kazi kubwa kuliko ulimi. Alisema amejifunza kazi ng'ambo ya bahari, hakutaja bahari gani. Mtambo wake ulikuwa sanduku la mbao la kimo cha mbuzi, lenye mpini wa kuzungusha uliotoka kwenye cherehani, kengele ya baiskeli, na juu yake bomba la santuri, lile linalofunguka kama ua la boga. Kitambaa cheupe cha marekani kiliingia upande huu. Wewe ulisema maneno yako ndani ya bomba. Mpini ukazungushwa, kengele ikalia, na upande wa pili ikatoka kanga, maneno yako yakiwa juu yake.

Msicheke. Sote tulikuwa tumesikia santuri. Tulijua kwamba sauti ya mtu yaweza kuingia kwenye bomba mahali fulani na kutoka siku nyingine mahali pengine, na mwenyewe pengine keshakufa. Mtu aliyelikubali hilo atakataaje kwamba sauti yaweza kutokea kwenye nguo?

Siku ya kuonyesha, uani kwa Bi Nunu, mkuu wa chama cha Lulu, palijaa hadi watoto tukapanda ukuta. Bi Nunu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mashua, aliinama kwenye bomba akasema, “Nyie kusema, sie kucheza!” Fundi akazungusha. Kengele ikalia. Likachungulia pindo, kisha likaja ua, kisha herufi moja moja kama watu wanaotoka msikitini: NYIE KUSEMA SIE KUCHEZA. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamwacha Bi Nunu na wekundu viganjani kwa wiki nzima, na hakuuosha. Haikumjia mtu akilini kwamba maneno hayo Bi Nunu alikuwa akiyasema kwenye kila ngoma kwa mwaka mzima, na kwamba hata kasuku wa duka la pembeni aliyajua.

Kisha Fundi akaeleza shida yake kwa unyenyekevu. Rola za mtambo huu mdogo ni za mti, zinatoa kanga moja kwa siku, tena kwa kubembelezwa. Zikipatikana rola za shaba, robota zima litatoka kabla ya adhuhuri. Pesa hataki, pesa haichapi kanga. Anataka shaba, masinia, mabirika, chochote kilicholala uvunguni, akaiyeyushe na kuisubu iwe rola. Na kila nyumba itakayotoa shaba itakuwa na jina lake yenyewe, litakalochapwa siku ya kwanza. Litasemwa kwenye bomba kwa siri, ili mtu asijibiwe kabla hajatukana.

Hakuhitaji kumshawishi mtu tena. Alichofanya ni kunywa kahawa kwa Lulu na kutaja bila kukusudia alichopewa na Marijani, kisha kunywa kahawa kwa Marijani na kushangaa ukarimu wa Lulu. Likatoka sinia huku, likatoka sinia na birika kule. Bi Rahma, mkuu wa Marijani, alitoa kinu cha shaba cha kutwangia iliki alichoachiwa na bibi yake. Bi Nunu aliposikia, aling'oa komeo za shaba za mlango wake, na tangu hapo akawa analala mlango umeegemezwa kinu cha mti.

Hayo yalikuwa mambo ya wakubwa. Yaliyonichoma mimi ni haya: mtoto ambaye kwao walitoa shaba aliruhusiwa kuzungusha mpini na kuliza kengele. Nyumba ya jirani waliishi akina Amina, shoga yangu, na kwao walitoa sinia siku ya pili. Jioni ile akaja kibarazani kwetu, akatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

“Nimeliza,” akasema.

“Umeliza nini?”

“Kengele. Na sisi tuna jina.”

“Jina gani?”

“Thubutu! Ni siri ya kwetu. Litakapotoka utalisoma, kama utakuwa umeshajua kusoma.”

Nilikuwa najua kusoma kuliko yeye, naye alilijua hilo, ndiyo maana alilisema. Nililia ndani ya mto. Mtaa mzima sasa ulikuwa na siri, na siri za wenzako zina harufu kama pilau ya jirani: huwezi kuziba pua, na hujaalikwa. Na uvunguni mwa kitanda cha mama, limefunikwa kwa kanga kuukuu, lilikuwapo sinia.

Bi Nunu alikuja mwenyewe kulifuata. Mama alikuwa mtu wa Lulu, na kutotoa kwake kulikuwa kumeanza kuimbwa upande wa pili.

“Shikamoo, Bi Nunu,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. We Zuhura, hilo sinia lako halijambo?”

“Halijambo. Linakusalimu.”

“Mwenzangu, usitutie aibu. Rahma ametoa kinu cha bibi yake. Cha bibi yake! Sie tutasemwaje?”

“Sinia langu lina mwenzake,” mama akajibu. “Haliendi peke yake.”

Bi Nunu akaguna. Hata mimi niliona ni udhuru wa mtu bahili. Alhamisi baba alipofika nilimshitakia. Akachambua chungwa kwa muda mrefu kuliko chungwa linavyohitaji, akasema, “Mama yako akitoa lake, na kule Muheza nitawaambia watoe. Haki ni haki.” Mama alikuwa jikoni. Sauti ya mwiko kwenye sufuria ilisimama, halafu ikaendelea.

Sijui nini kilimgeuza. Nadhani ni nyimbo. Marijani walipita mbele ya nyumba yetu wakiimba habari za mwanamke anayelala na shaba kwa kukosa mume wa kulala naye, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa zamu ya Muheza, wimbo uliingia mahali pake. Asubuhi yake mama alilitoa sinia uvunguni, akalisugua kwa ndimu na majivu, akalifunga ndani ya kanga mpya, akaniambia, “Vaa viatu.”

Sijawahi kutembea kama nilivyotembea asubuhi ile. Amina alikuwa kibarazani kwao anasukwa nywele, kichwa kimebanwa magotini kwa dada yake, nami nikapita taratibu ili kichwa kile kipate muda wa kugeuka.

Fundi Shebe alitupokea kwa taadhima. Chumbani kwake magunia yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, yakitoa pembe za shaba. Alilishika sinia, akaligonga kwa kucha, akasikiliza. Nilikwisha kuutazama mpini, nikachagua mkono wa kuushikia.

“Sema jina lako, Bi Zuhura,” akasema, akatugeuzia mgongo kwa adabu.

Mama aliinama kwenye bomba. Alisema kwa muda mrefu kuliko linavyoweza kuwa jina la kanga, kwa sauti ya chini. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyetapika akapona.

Hapo ndipo Fundi alipokosea. Alikuwa na masinia, mabirika na vinu, angenyamaza tu. Lakini tamaa ilimtuma.

“Nasikia sinia hili lina mwenzake huko Muheza,” akasema kwa upole. “Mkilileta na hilo, nitawachapia pamoja. Jina moja, kwenu nyote wawili.”

Mama alimtazama.

“Jina moja?”

“Moja. Mtavaa sare, kama ndugu.”

Mama akanyoosha mkono, akalichukua sinia mapajani mwa Fundi, akalifunga upya, fundo moja, fundo la pili. “Tutaonana, Fundi,” akasema. Nikashikwa mkono. Nikapita tena mbele ya Amina, safari hii kwa haraka, naye alikuwa amemaliza kusukwa na ana nafasi yote duniani ya kututazama. “Mmelirudisha?” akauliza. “Limekataliwa?” Nilimchukia mama yangu kuanzia pale hadi mlangoni kwetu, na ndani nikaendelea.

Siku ya kuchapa ilipowadia, mtaa ulitoka umevaa. Lulu upande huu, Marijani upande ule, udi unafuka, watoto wenye mpini wamesimama kwa foleni. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi. Magunia hayakuwapo. Alikuwa amewaambia majirani kwamba anayapeleka kusubu rola, na wenyewe wakamsaidia kuyapakia kwenye lori, wakimsisitizia afunge vizuri, barabara ni mbovu. Mtambo ulikuwapo. Bi Rahma akauvunja kwa mchi. Ndani mlikuwa na vibao vya mti vilivyochongwa herufi na maua, mikebe ya rangi, na uzi uliofungwa kutoka kwenye mpini hadi kwenye kengele. Na lile bomba la santuri, lililomeza hasira ya Ngamiani nzima, liliishia kwenye furushi la matambara.

Mimi sikuyaona haya. Mama alinifungia ndani, kwa kuwa mambo hayo si yetu. Niliyapata kwa Amina, na aliyonisimulia baada ya hapo ndiyo yaliyoniumiza kuliko kengele.

Walikaa chini, akasema, kama watu wa matangani. Kisha Bi Nunu akauliza, “Rahma, wewe ulisema nini humo bombani?” Bi Rahma akakataa, akakataa, akasema. Lilikuwa linamhusu Bi Nunu na makalio yake. Bi Nunu akasema lake. Lilikuwa linamhusu Bi Rahma na mume wake wa pili. Akacheka mmoja. Kisha kila mwanamke, Lulu na Marijani, akasema jina lake kwa sauti, na kwa kila jina walianguka wakicheka na kulia, wakifutana machozi kwa ncha za kanga, hadi udi ukaisha. Tangu siku ile ugomvi wa vyama viwili ulisimama kwa miezi kadhaa. Walitunga wimbo kuhusu furushi la matambara, na haukuimbwa ila na aliyeibiwa.

“Na lenu lilikuwa nini?” nikamwuliza Amina.

“Aa,” akasema, na macho yakamng'aa. “Lilikuwa lenu. Lilikuwa linawahusu nyie.” Hakuniambia zaidi.

Fikirieni. Tulikuwa na sinia letu, zima, linang'aa, la pekee katika mtaa mzima, nami nilikaa kibarazani nikiwaonea wivu watu walioibiwa. Hata kwa kuibiwa walikuwa wametushinda.

Wakati, hata hivyo, ulikuwa upande wa mama. Ikafika harusi, wakahitaji sinia, likaazimwa. Ikafika khitima, likaazimwa. Kila walipolirudisha walisema, “Zuhura, mwenzetu uliona mbali.” Mara ya kwanza mama alinyamaza kwa sababu hakuwa na la kusema. Kadiri miaka ilivyopita, ukimya wake ukawa ukimya wa mtu mwenye mengi. Wakaanza kumletea mambo: huyu mchumba anafaa, kiwanja hiki kina mgogoro, fundi huyu wa nyumba mwizi? Mama aliangalia chini, akasema, “Subirini kidogo,” na kwa kuwa katika mambo mengi ya dunia kusubiri kidogo kunafaa, sifa yake ilienea hadi Pangani. Nami niliamini. Chuoni niliandika insha nzima juu ya busara ya mwanamke asiye na elimu ya darasani, nikapata alama nzuri, na mama nilimfanya mfano.

Nilimwuliza mara moja, akiwa amezeeka, alisema nini bombani. Akatabasamu akisema amesahau. Hakuwa amesahau.

Alipofariki, watu wa Muheza walikuja matangani. Mama mdogo, yule wa kwenye machungwa, alikuwa keshatangulia, lakini alikuja Zubeda, mwanamke mpana, mcheshi, na amevaa, Mungu ananiona, kitambaa kilekile cha gauni nililovaa. Tulipokaa jikoni akaliona sinia ukutani.

“Ndilo hili!” akasema. “Sie letu lilifungwa kwenye gunia wiki nzima, tayari kupelekwa stesheni. Mama alikuwa anasubiri habari. ‘Yule wa mjini akitoa lake, na langu lipande treni. Hanishindi.’ Tukangoja. Habari haikuja. Alipojua kwamba mama yako amelirudisha nyumbani, akalifungua gunia siku ileile. Sasa kule kwetu wanasema mama yangu aliona mbali!”

Nilicheka hadi wafiwa wengine wakanigeukia. Wanawake wawili, vituo kadhaa vya reli kati yao, hawakuona mbali hata kidogo. Kila mmoja alimwona mwenzake, basi, na macho hayakuvuka hapo. Fundi Shebe, aliyeuza wivu wa Ngamiani kwa gunia, alikutana na wivu mmoja uliokuwa mkubwa kuliko mtambo wake. Angeahidi majina mawili tofauti, yenye kuchoma, moja kwa kila upande, angeondoka na masinia yote mawili, na mimi nisingekuwa na busara ya kuandikia insha.

Tangu hapo mimi na Zubeda tumekuwa ndugu kweli. Namheshimu, nampenda, tunaandikiana. Kesho binti wa mdogo wetu anaolewa hapa kwangu, na Zubeda anakuja kwa basi la asubuhi, na ameniahidi kuleta sinia lao, ili kwa mara ya kwanza yakae pamoja mbele ya wageni, yale mawili, kama baba alivyokusudia.

Amesema lao halina hata kovu moja, maana halikuwahi kuazimwa. Letu limeazimwa na mtaa mzima, na makovu yake ndiyo ninayoyasugua tangu asubuhi.

Nimekwisha kumaliza ndimu zote za nyumbani. Nimemtuma mtu sokoni akaniletee nyingine.